Matema kwa Jumamosi Moja

Wageni wangu mimi huwapeleka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Jumamosi, siku ya soko la vyungu pale kijiji cha Lyulilo. Toka Mbeya alfajiri, pitia Tukuyu, kisha Ipinda. Ukifika, usikimbilie kuogelea. Simama ufukweni uone Milima ya Livingstone inavyotumbukia Ziwa Nyasa, lenye kina kinachofikia mita 700 hivi. Wamisionari wa Berlin, Ujerumani, waliingia nchi hii ya Wanyakyusa mwaka 1891. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao huu, bado vinaletwa kwa mitumbwi kutoka kijiji cha Ikombe; kuvifinyanga ni kazi ya akina mama. Kabla ya kununua, gonga chungu kwa kidole: kikilia kama kengele, kimeiva vizuri; sauti ikiwa butu, huenda kina ufa, kirudishe. Mchana kula usipa wabichi wa kukaanga. Samaki niwapendao kuliko wote.