Kuomba muda wa sinkrotroni: pendekezo huangukia kwenye hesabu

Afrika bado haina sinkrotroni hata moja, yaani mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi ili zitoe eksirei kali za kupimia sampuli. Mtafiti wa Mombasa anayetaka kujua risasi (ile metali yenye sumu) iliyomo kwenye tope la mikoko imeshikana na nini hana budi kubisha hodi kwingine: SESAME kule Yordani, ESRF mjini Grenoble, au Diamond ya Uingereza. Kote huko pendekezo hupita mbele ya jopo, na maelezo ya kisayansi huwa mafupi, mara nyingi kurasa mbili tu.

Anza na swali. Ukiandika kwamba unataka kupima kiasi cha risasi, umejitoa mwenyewe, maana kiasi hupimwa kwenye maabara ya kawaida. Sinkrotroni huulizwa umbo la kemikali. Swali kama hili lina uzito: je, risasi iliyo sentimita 20 ndani ya tope la Makupa imefungwa na salfaidi (salfa isiyoguswa na oksijeni), na tope likichimbuliwa wakati wa kuongeza kina cha bandari, hewa itaifungua? Jopo linaona papo hapo kwa nini eksirei zinahitajika na nani atalitumia jibu.

Kabla ya kuandika, mpelekee barua pepe mwanasayansi wa kituo unachokitaka, wiki kadhaa mapema. Mpe kiasi cha risasi kwa miligramu kwa kila kilo, na cha aseniki pia. Hapa wengi hukwama. Mwale ambao risasi hutoa ikipigwa na eksirei, ndio unaopimwa, una nishati ya takriban elektronivolti 10,550, wa aseniki 10,540, na kigunduzi hakiwezi kuitenganisha. Tena ukingo wa risasi uitwao L3, yaani nishati ambapo risasi huanza kumeza eksirei kwa wingi, uko 13,035, juu ya ule wa aseniki ulio 11,867, kwa hiyo aseniki itang'aa muda wote unapopima. Sampuli ambayo aseniki yake inakaribia risasi kwa wingi, iache nyumbani. Usipoitaja aseniki kabisa, msomaji mmoja wa jopo ataitaja kwa niaba yako.

Sasa zamu. Kuandika "tunaomba zamu 9" bila hesabu ni kualika mkasi. Zamu moja ni saa 8. Tuseme una sampuli 8, kila moja ipimwe mara 5, kila kipimo dakika 40: hiyo ni saa 26 na dakika 40. Sampuli 5 za kulinganishia (salfaidi, salfeti, kaboneti, na risasi iliyonata kwenye oksaidi ya chuma na kwenye mboji), kipimo kimoja kimoja: saa 3 na dakika 20. Kubadilisha sampuli 13 kwa dakika 10: saa 2 na dakika 10. Kupanga mwale na kusawazisha nishati: saa 4. Jumla ni saa 36 na dakika 10. Acha saa 3 na dakika 50 za kurudia vipimo vibovu, utapata zamu 5 kamili. Iandike hesabu yote, na useme ni sampuli zipi zitaachwa ukipewa zamu 3.

Sampuli nazo zina ukorofi wake. Tope la mikoko halina oksijeni. Ukilikausha kwenye oveni au ukaliacha wazi kwenye joto la Mombasa, salfaidi hugeuka salfeti na unapima kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Lifunge palepale ufukoni bila hewa, liweke kwenye barafu, likaushwe kwa kugandishwa, kisha lifungwe tena ndani ya naitrojeni. Eleza hatua hizo kwa sentensi mbili. Zile za kulinganishia zichanganywe na selulosi, kwani zikiwa kali mno hujimeza mwanga wake na spektra, yaani mchoro wa kipimo, hubapa.

Vibali vianze mapema: leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, na kama ni matumbawe badala ya tope, kibali cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, kupitia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Kila mshiriki ajisajili kwenye mfumo wa kituo kabla ya siku ya mwisho. Tazama pia saa: dirisha la maombi likifungwa saa 11 jioni Grenoble, Mombasa ni saa 12 jioni wakati wa kiangazi chao, na saa 1 usiku wakati wa baridi.