Jinsi ya Kufika na Kulitazama Tamasha la Ngoma za Asili, Tukuyu

Tamasha la ngoma za asili linaloandaliwa na taasisi ya Tulia Trust mjini Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, limekuwa likikutanisha vikundi vya wachezaji kutoka ndani na nje ya Mkoa wa Mbeya. Kabla ya kukata tiketi, thibitisha tarehe ya mwaka husika kwa ofisa utamaduni wa wilaya na uweke nafasi ya kulala mapema, kwani Tukuyu ni mji mdogo.

Anayetoka Dar es Salaam, Iringa au Makambako kwa basi hana haja ya kufika Mbeya mjini. Ashuke Uyole, pale barabara ya Kyela inapochepuka kutoka barabara kuu ya Zambia, apande kosta ya Tukuyu. Anayekuja kwa treni ya TAZARA au kwa ndege kupitia Songwe atavuka jiji kwanza hadi hapo Uyole. Barabara hupanda mpaka Isyonje, ambako ukungu huweza kutanda hata mchana, kisha huteremka kupitia Kiwira. Kwa hiyo ni vyema kusafiri asubuhi, ukiwa na sweta na koti la mvua, maana Rungwe hunyesha hata katika miezi ambayo Iringa ni vumbi tupu.

Fika uwanjani kabla maonyesho hayajaanza. Wakati huo wapigaji hupasha ngoma zao moto ili ngozi ikaze: mmoja huigonga kwa vidole, hutega sikio, huirudisha kwenye joto, huigonga tena, mpaka mlio umridhishe. Kwa maoni yangu, anayeikosa saa hiyo amekosa sehemu kubwa ya tamasha.

Ing'oma, ngoma ya Wanyakyusa, inastahili kutazamwa kwa utulivu wa pekee. Godfrey na Monica Wilson, watafiti walioishi Rungwe katika miaka ya 1930, waliandika kwamba wanaume walicheza mazishini wakiwa na mikuki mikononi, hivyo huenda mdundo unaoshangiliwa leo uwanjani umewahi kuwasindikiza wafu. Mwamkie mzee aliyeketi karibu nawe, kisha umuulize ngoma inayochezwa ilipigwa wakati gani na kwa ajili ya nani. Ukitaka kumpiga picha mchezaji, omba ridhaa yake kwanza.

Usipokusudia kulala Tukuyu, ondoka kabla ya jua kuzama, kwa sababu kosta za kurudi Uyole hupungua jioni.