Somo: Kuchagua mifumo ya faili unapojenga kerneli ya Linux

Habari wakuu. Anayejenga kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kwa mara ya kwanza mara nyingi hukwama hapa: ujenzi umekwisha salama, kompyuta imewashwa upya, na skrini imeganda kwenye mstari huu:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Nimeuona mara kadhaa kwenye mashine zangu, na kila mara chanzo kilikuwa chaguo dogo nililolipita haraka kwenye menyu ya usanidi. Kwa hiyo leo twende taratibu.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako kwanza

Usifungue menyu bado. Andika `findmnt /`, kisha `lsblk -f`. Amri ya kwanza itakuambia patisheni (sehemu ya diski) ya mzizi, yaani `/`, ni ipi na ni ya aina gani: ext4, xfs, btrfs au nyingine. Ya pili itakuonyesha zilizobaki, ikiwemo ile ndogo ya EFI, ya kuwashia kompyuta, ambayo ni vfat. Malizia na `cat /proc/filesystems`. Mistari yenye neno `nodev` ni mifumo isiyohitaji diski, kama proc, sysfs na tmpfs. Yote haya yaandike kwenye karatasi, maana utayahitaji mbele.

Hatua ya 2: Anza na usanidi unaofanya kazi

Ukiwa ndani ya folda ya msimbo wa kerneli:

`cp /boot/config-$(uname -r) .config`
`make olddefconfig`
`make menuconfig`

Kwenye menyu, `<*>` maana yake kitu kinaingia ndani ya kerneli yenyewe, `<M>` kinakuwa moduli ya kupakiwa baadaye, na `< >` hakimo kabisa. Ukipotea, bonyeza `/` uandike jina la chaguo, utaonyeshwa lilipo.

Hatua ya 3: Mfumo wa faili wa mzizi

Hapa ndipo penye kazi. Moduli hukaa kwenye `/lib/modules`, yaani ndani ya patisheni ya mzizi yenyewe. Ukiweka ext4 kuwa `<M>` na huna initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu kabla ya mzizi kufunguliwa), kerneli itahitaji moduli ya ext4 ili ifungue patisheni ambayo ndani yake ndimo moduli hiyo ilimo. Ni kama kufungia ufunguo chumbani kisha ukavuta mlango kwa nje. Initramfs hutatua jambo hili kwa kubeba moduli hizo pembeni, hivyo ukiwa nayo `<M>` inatosha. Huna? Weka `<*>`.

Lakini bila initramfs, ext4 peke yake haitoshi, na hili wengi hawaambiwi. Njia nzima hadi kwenye diski lazima iwe `<*>`. Kwa diski ya NVMe unahitaji `CONFIG_BLK_DEV_NVME`. Kwa SATA kwa kawaida ni `CONFIG_SATA_AHCI` pamoja na `CONFIG_BLK_DEV_SD`. Kama diski imegawanywa kwa GPT (aina ya jedwali la patisheni), lazima `CONFIG_EFI_PARTITION` iwepo, la sivyo kerneli itaiona diski lakini haitaziona patisheni zake. Baada ya hapo ndipo `CONFIG_EXT4_FS` inapopata kitu cha kusoma.

Sasa rudi kwenye ule mstari wa kosa, uangalie namba zake. `(0,0)` ina maana kerneli haikukipata kabisa kifaa ulichokitaja kwenye `root=` (kigezo cha kuwashia kinachoiambia kerneli mzizi uko wapi), kwa hiyo kagua draiva za diski na jinsi ulivyoandika `root=`. Ukiona namba halisi, mfano `(8,2)`, diski imeonekana ila hakuna mfumo wa faili ulioweza kuisoma. Namba hizo mbili zinaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Hatua ya 4: Mifumo isiyo ya diski

Chini ya Pseudo filesystems hakikisha `CONFIG_PROC_FS`, `CONFIG_SYSFS` na `CONFIG_TMPFS` zimewashwa. `CONFIG_DEVTMPFS`, inayojaza folda ya vifaa `/dev`, haipo kwenye menyu hiyo. Imo upande wa Device Drivers, Generic Driver Options. Asiye na initramfs awashe pia `CONFIG_DEVTMPFS_MOUNT`, ili `/dev` ipachikwe mara tu mzizi unapopatikana.

Hatua ya 5: Vilivyobaki, moduli zinatosha

Flashi nyingi ni FAT au exFAT. `CONFIG_EXFAT_FS` imekaa rasmi kati ya mifumo ya faili tangu toleo la 5.7 la mwaka 2020, na kwa NTFS kuna `CONFIG_NTFS3_FS` tangu 5.15. FAT ina mtego wake. `CONFIG_VFAT_FS` hukubali kujengwa bila majedwali ya herufi, kisha ukichomeka flashi inagoma, na `dmesg` (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) inasema:

`FAT-fs (sdb1): codepage cp437 not found`

Dawa iko kwenye Native language support: washa `CONFIG_NLS_CODEPAGE_437` na `CONFIG_NLS_ISO8859_1`. Anayetumia kontena aongeze `CONFIG_OVERLAY_FS`. Ext3 usihangaike kuitafuta. Draiva yake iliondolewa toleo la 4.3, na ya ext4 ndiyo inayozisoma patisheni hizo.

Hatua ya 6: Kagua, jenga

`grep -E 'EXT4_FS|VFAT|NLS_|DEVTMPFS' .config`
`make -j$(nproc)`
`sudo make modules_install`
`sudo make install`

Kerneli ya zamani usiifute. Iache kwenye menyu ya GRUB (programu inayochagua kerneli ya kuwasha) mpaka mpya iwe imewaka vizuri.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini nisiweke nyota kila mahali niwe salama?*

Itawaka, ndugu yangu. Ila kilicho ndani ya kerneli hukaa kwenye kumbukumbu muda wote hata usipokitumia. Isitoshe, kila mfumo wa faili ni msimbo unaosoma data kutoka nje kwa mamlaka ya juu kabisa. Usiouhitaji, usiujenge.

*Mkuu, ext4 nimeweka `<*>`, NVMe `<*>`, sina initramfs, bado napata (0,0). Nimeandika `root=UUID=...`*

Tatizo ni hiyo UUID. UUID (kitambulisho) ya mfumo wa faili hutafutwa na programu za ndani ya initramfs. Kerneli peke yake haiielewi. Inachoelewa ni PARTUUID, yaani kitambulisho cha patisheni. Andika `lsblk -o NAME,UUID,PARTUUID`, kisha tumia `root=PARTUUID=...`

*Vfat niliweka `<M>`, lakini mount inaniambia `unknown filesystem type 'vfat'`.*

Linganisha `uname -r` na majina yaliyomo kwenye `/lib/modules`. Kama folda ya toleo lako haipo, uliruka `make modules_install`.

*Samahani mwalimu, mzizi wangu ni btrfs juu ya diski mbili. Naweza kuishi bila initramfs?*

Inawezekana kwa kutaja kila diski kwenye `rootflags=device=...`, ila majina kama sda na sdb yanaweza kubadilishana ukiwasha upya. Kwa kawaida btrfs ya diski nyingi huhitaji `btrfs device scan` ifanyike kabla ya kupachikwa, na initramfs ndiyo inayoifanya. Kwa mpangilio wako mimi ningeibakiza.