Kupanda juu baada ya kuzamia

Siku ile nilizamia na mtungi wa hewa, maji yaliingia kwenye miwani, nikashtuka, nikapanda mbio. Saa moja baadaye bega la kushoto likaanza kuuma kwa ndani, kama jino bovu, vidole vikafa ganzi. Nikanyamaza. Wewe usinyamaze: ukipata ganzi, maumivu ya viungo au uchovu usio wa kawaida, sema papo hapo, upewe oksijeni tupu na upelekwe hospitali, ikiwezekana yenye chemba ya shinikizo, yaani chumba cha hewa iliyoshindiliwa cha kutibu wazamiaji.

Kule chini nitrojeni, gesi iliyomo kwenye hewa unayovuta, huyeyuka mwilini. Ukipanda ghafla hugeuka mapovu. Basi panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, na usibane pumzi kamwe. Kwenye kina cha mita 5 tulia dakika 3. Ukizamia mara kadhaa, usipande ndege kabla ya saa 18 kupita.