Namna ya Kumfundisha Tenisi Kijana Aliyeumia Mguu: Tunachojifunza kwa Thomas Muster

Kijana anayecheza tenisi hapa Dar es Salaam akiumia goti, mara nyingi huambiwa akae nyumbani mpaka apone, na anaporudi baada ya miezi kadhaa mkono umeshausahau mpira na wenzake wamemwacha mbali. Mwongozo huu ni wa kocha au mzazi asiyetaka hayo yatokee, nao unafuata mfano wa Thomas Muster, mchezaji tenisi wa Austria.

Muster, aliyezaliwa Leibnitz mwaka 1967 na aliyecheza kwa mkono wa kushoto, alimshinda Yannick Noah kwa seti tano katika nusu fainali ya mashindano ya Key Biscayne, karibu na Miami, Marekani, mwaka 1989. Saa chache baadaye aligongwa na gari la dereva mlevi, kano za goti lake la kushoto zikakatika, na fainali hakuicheza. Mguu ukiwa bado haujapona, alitengenezewa kiti maalumu kilichomwezesha kuunyoosha, akawa anapiga mipira uwanjani akiwa amekaa. Septemba mwaka huohuo alirudi mashindanoni. Mwaka 1990 akatwaa ubingwa wa Roma, mwaka 1995 akamshinda Michael Chang katika fainali ya mashindano ya wazi ya Ufaransa, na Februari 1996 akawa namba moja duniani.

Anza kwa daktari. Muulize daktari wa mifupa na mtaalamu wa fiziotherapia wanaomhudumia kijana, iwe MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au kwingineko, kama kukaa na kuzungusha kiwiliwili kutavuta sehemu iliyoumia, na wakisita, ahirisha zoezi hadi watakapokuruhusu bila shaka yoyote.

Ukisharuhusiwa, tafuta benchi pana la mbao lisilo na egemeo la mikono. Kiti cha plastiki hakifai kabisa, kwa sababu mchezaji anapojipinda kupiga mkono wa mbele (forehand), miguu ya kiti huteleza kwenye saruji. Mguu ulioumia uulaze juu ya stuli yenye mto, mbali na njia ya raketi, kisha wewe usimame hatua chache mbele yake, pembeni kidogo, umrushie mpira kwa mkono, taratibu, ufike kwenye usawa wa kifua chake.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mchezaji aliyesimama anaweza kuficha uzembe wa bega kwa kuongeza hatua moja, lakini aliyekaa hana pa kuuficha: akichelewa kugeuza mabega, mpira humfikia ubavuni, raketi hukwama karibu na mwili, na mpira huishia kwenye uzio. Mwambie ageuze mabega mpira ukiwa bado mkononi mwako, aupige ukiwa mbele ya goti lisiloumia, na amalizie raketi ikiwa juu ya bega la pili. Mkono wa nyuma (backhand) uje baadaye, kwa mipira michache, maana unaukaza zaidi mgongo wa chini.

Fanyeni zoezi asubuhi kabla jua halijawa kali, kwani joto na unyevunyevu wa Dar humtoa jasho hata aliyekaa, na mpini ukilowa kijana huukamata kwa nguvu kupita kiasi. Awe na taulo kavu mapajani. Acheni mara bega linapoanza kuchoka, hata kama mwenyewe anaomba kuendelea.

Tafadhali usimpimie mtoto kwa kalenda ya Muster, ambaye alikuwa mtu mzima aliyeishi kwa mchezo huu. Daktari akiruhusu kusimama, apige kwanza bila kusogea, halafu kwa hatua fupi za pembeni, na mbio za kusimama ghafla zije mwisho kabisa. Mpira wa kuanzishia aurudie kwa nusu ya nguvu, miguu yote miwili ikiwa chini, mpaka mtaalamu wake aseme goti linaweza kupokea uzito wa kutua.