Kujiandaa kwa utafiti wa baada ya uzamivu katika fizikia ya kikompyuta ya semikondakta, ukiwa Arusha au Moshi

Mtu aliyemaliza shahada ya uzamivu na kurudi nyumbani Moshi huitwa daktari, na kabla ya wiki kwisha jirani atamletea mtoto mwenye homa. Kumweleza jirani ni rahisi. Kazi iko katika kumweleza profesa wa ng'ambo, kwa barua ya ukurasa mmoja, wewe ni daktari wa nini hasa. Mwongozo huu unahusu barua hiyo na maandalizi yanayopaswa kuitangulia, nao unamlenga msomaji aliyekwisha kupata shahada, au anayekaribia kutetea tasnifu yake, anayetaka kuchunguza semikondakta, yaani vitu kama silikoni vinavyopitisha umeme kwa kiasi, kwa hesabu za kompyuta.

Nafasi hizi ni za mkataba, aghalabu wa mwaka 1 hadi 3, na mwisho wake haukupatii shahada nyingine. Unachukuliwa ili ujibu swali fulani. Baadhi hutangazwa na profesa ambaye tayari ana mradi na fedha, na nyingine ni ufadhili unaouomba kwa jina lako mwenyewe ukishakubaliana na mwenyeji. Katika aina hii ya pili soma masharti kwanza, maana mengine humnufaisha mtu aliyebaki nyumbani. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu mwombaji awe ameishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 inayotangulia tarehe ya mwisho ya maombi. Aliyesomea Tengeru, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, anaweza kuchagua Ujerumani bila kikwazo hicho, lakini mwenzake aliyetoka kumaliza masomo hukohuko Ujerumani itambidi atafute nchi nyingine.

Kabla ya kuandika barua yoyote, hakikisha kwamba tarakimu zako zinaaminika. Anza na silikoni, hata kama tasnifu yako ilihusu kitu kigumu zaidi. Weka Quantum ESPRESSO, programu huria isiyolipiwa ya kukokotoa tabia za elektroni ndani ya vitu, kwenye kompyuta mpakato yenye Linux. Kisanduku cha msingi cha fuwele ya silikoni kina atomu 2 tu, kwa hiyo hesabu moja huisha kabla chai haijapoa. Pandisha kikomo cha nishati ya mawimbi yanayotumiwa kueleza elektroni kutoka Rydberg (kizio cha nishati) 20 hadi 60 kwa hatua za 10, kisha panua gridi ya nukta k, yaani sampuli za mawimbi ya elektroni ndani ya fuwele, kutoka 4×4×4 hadi 12×12×12, ukiandika kila jibu katika jedwali, mpaka nishati ya kila atomu isibadilike kwa zaidi ya milielektroni-volti 1. Ubavu wa fuwele uliopimwa maabara ni angstromu 5.43, na kwa kadirio la PBE la mwaka 1996, fomula ya kukadiria nishati ya elektroni zinavyoathiriana, utapata karibu 5.47. Ukipata 5.2, usisonge mbele. Rudi ulikague faili lako mstari kwa mstari.

Kisha tafuta pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iachane na vifungo vyake na kupitisha umeme, na hapo ndipo wengi hushtuka. Pengo la silikoni lililopimwa katika joto la chumba ni elektroni-volti 1.12, ilhali PBE itakupa karibu 0.6, na hata ukiongeza nukta k usiku kucha jibu halitasogea, kwa sababu upungufu uko ndani ya kadirio lenyewe. Nadharia ya msongamano wa elektroni (DFT), ambayo PBE imejengwa juu yake, waliyoiwekea msingi Hohenberg na Kohn mwaka 1964, na ambayo Kohn na Sham waliigeuza kuwa njia ya kufanyia hesabu mwaka 1965, inahusu nishati ya mfumo uliotulia katika hali yake ya chini kabisa. Haijaahidi popote kwamba tofauti kati ya viwango vya nishati vinavyotokana na hesabu ya Kohn-Sham italingana na pengo linalopimwa. Tiba zipo, kama vile kadirio mseto la HSE au mbinu ya GW, ila gharama yake ya kompyuta ni kubwa mara nyingi zaidi. Kuna pia mtego mdogo usiotajwa mara kwa mara: ukingo wa chini wa kanda ya upitishaji wa silikoni, yaani kiwango cha chini kabisa cha elektroni zinazopitisha umeme, hauko kwenye nukta k iitwayo X yenyewe, bali karibu asilimia 85 ya njia kutoka nukta ya katikati, Gamma, kwenda X, hivyo gridi isiyopita karibu na hapo itakutajia pengo kubwa kuliko linalostahili. Mtu anayeweza kueleza mambo haya mawili kwa utulivu yuko mbele kuliko mwenye orodha ya programu kumi katika wasifu wake.

Nitatoa mfano mwingine, kwa kuwa maombi mengi ya siku hizi yanahusu perovskaiti, jamii ya fuwele zinazotumika katika seli za jua. Iodidi ya risasi na methilamoniamu ina pengo la karibu elektroni-volti 1.6. Ukiifanyia hesabu kwa PBE ya kawaida utapata jibu linalokaribiana sana na hilo, na utafurahi. Ongeza sasa mfungamano wa spini na mzingo, yaani jinsi mwendo wa elektroni kuzunguka kiini unavyoathiri spini yake, ambao kwa atomu nzito kama risasi haufai kuachwa, na pengo litaporomoka kwa takribani elektroni-volti 1 nzima. Jibu la kwanza lilikuwa sahihi kwa bahati, kwa kuwa makosa mawili yalikuwa yamefutana. Ukileta pendekezo la perovskaiti bila kugusia jambo hili, msomaji anayeijua fani ataliweka kando bila kukuambia sababu.

Kuhusu vifaa, umeme ukikatika saa nane za usiku hesabu ya mitetemo ya fuwele iliyokwenda siku tatu inaweza kupotea yote. Niliwahi kupoteza moja namna hiyo, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimepanga programu ijisimamishe yenyewe kwa vipindi na kuhifadhi hali yake ili iendelee pale ilipoishia. Betri ya akiba husaidia, ila mpangilio huo husaidia zaidi. Kwa hesabu kubwa utahitaji kompyuta kuu, kama Lengau iliyoko Cape Town, ambayo watafiti wa nje kwa kawaida huifikia kupitia mshirika aliye katika taasisi ya Afrika Kusini. Washirika wa namna hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi katika ASESMA, mafunzo ya Kiafrika ya mbinu za kukokotoa muundo wa elektroni, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 2010 na baadaye Eldoret mwaka 2012, na katika shughuli za kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Abdus Salam (ICTP) kilichoko Trieste, Italia, ambacho kina tawi Kigali.

Pendekezo lako litaje gharama za kompyuta kwa hesabu inayoonekana. Tuseme hesabu moja ya HSE inatumia viini 32 kwa saa 6: hizo ni saa-kiini 192 (saa-kiini moja ni kiini kimoja cha kompyuta kikifanya kazi kwa saa moja), na kwa semikondakta 200 unazotaka kuzichuja utahitaji saa-kiini 38,400, kabla ya kuongeza za kurudia hesabu zilizokwama, ambazo hazikosekani. Eleza pia utakachokifanya iwapo kadirio la bei nafuu litakudanganya, yaani ni sampuli zipi utakazozipima upya kwa mbinu ghali na kwa kigezo gani.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja makala moja ya profesa uliyoisoma kwa makini, swali moja lililobaki wazi ndani yake, matokeo yako mawili yenye tarakimu, na unachotaka kukifanya katika miezi 6 ya kwanza. Usimwandikie kwamba una shauku kubwa ya sayansi. Ambatisha kiungo cha mahali ulipohifadhi faili zako za silikoni na majedwali ya majaribio, ili akitaka aziendeshe mwenyewe na kupata jibu lilelile.

Wadhamini watakaokuandikia barua za mapendekezo wape taarifa mwezi mmoja kabla, pamoja na muhtasari wa pendekezo, kwani msimamizi aliyeombwa leo barua ya kesho ataandika barua ya mistari mitano. Ukiitwa kwenye usaili, uliza saa zinazotajwa ni za wapi. Arusha iko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), na saa nne ya kwetu si saa nne yao. Weka bando la kutosha na simu ya pili karibu. Watakuuliza, karibu kwa hakika, kwa nini pengo lako linatofautiana na la maabara, na hapo fungua lile jedwali la silikoni.