Begi la lita ngapi kwa kupanda milima ya Mbeya: Loleza, Ngozi au Rungwe?

Kabla ya kuulizia bei ya begi, tandika mkeka nyumbani na upange juu yake kila utakachobeba: maji, chakula, sweta, koti la mvua, kofia, tochi, dawa za huduma ya kwanza. Begi la mgongoni hupimwa kwa lita, na lita hizo huamuliwa na mzigo. Urefu wa safari peke yake unadanganya. Mtu anayetembea pwani siku nzima kwa begi la lita 12 akija nalo Kitulo, kwenye uwanda ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, atakosa pa kuweka nguo.

Fanya hesabu. Sweta zito likikunjwa hula lita 4 hadi 5. Koti la mvua ni lita 1 hadi 2. Maji lita 2 huchukua nafasi ya zaidi kidogo ya lita 2 na yana uzito wa kilo 2. Viazi vya kuchemsha, mayai, karanga na ndizi ni lita 3, na vitu vidogo vingine lita 2. Hapo umefika lita 12 hadi 15 bila kuacha nafasi ya kupumulia, na begi lililoshindiliwa hadi mdomoni halifunguki vizuri ukiwa kwenye mvua. Kosa linalowapata wengi ni kufunga begi alfajiri wakiwa wamevaa sweta. Saa nne jua linawaka, sweta linavuliwa, na halina pa kwenda. Kwa hiyo funga begi ukiwa na fulana tu, nguo zote za baridi zikiwa ndani.

Kwa safari ya Ziwa Ngozi, ambayo watu wengi huimaliza kwa nusu siku, lita 18 hadi 20 zinatosha. Kwa Loleza au kilele cha Mbeya chukua lita 22 hadi 25, maana jua la ukingoni ni kali. Beba maji lita 3 na usitegemee kuyapata juu. Rungwe, mlima wa karibu mita 3,000, ni safari ya siku nzima yenye msitu, baridi na matope: lita 25 hadi 30, pamoja na nguo za kubadili. Kwa jiwe la Gangilonga pale Iringa mjini, chupa ya maji mkononi inatosha.

Zaidi ya lita 30 kwa safari ya siku moja hatushauri, labda uwe unabeba vitu vya mtoto pia. Begi kubwa lisilojaa huacha mzigo uteremke chini na kuyumba, na unaposhuka mteremko wa Ngozi wenye mizizi na utelezi, mzigo unaoyumba ndio unaokuangusha. Begi dogo nalo lina adhabu yake: unaanza kufunga koti na chupa kwa nje, na mianzi ya Rungwe inanasa kila kinachoning'inia.

Mabegi mengi ya mtumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, hayana alama ya lita. Nenda na futi ya fundi cherehani. Pima urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha vyote vitatu, gawa kwa 1,000. Begi la 45 × 28 × 18 linatoa lita 22.7, punguza kama asilimia 15 kwa sababu ya pembe za mviringo, unabaki na lita 19 hivi. Ukitaka uhakika ukiwa nyumbani, lijaze pumba kwa chombo unachojua lita zake na uhesabu.

Kisha pima mgongo wako, kwani begi la lita sahihi linaweza kuwa refu au fupi mno kwako. Inamisha kichwa, tafuta mfupa unaochomoza chini ya shingo, umwombe mtu apime kutoka hapo hadi usawa wa sehemu ya juu ya mifupa ya nyonga. Linganisha na umbali kati ya mahali mikanda ya mabega inapoanzia na mkanda wa kiunoni. Tofauti ya sentimita 2 au 3 inavumilika. Likiwa refu zaidi, mkanda wa kiunoni unakaa chini ya nyonga na mabega yanabeba kila kitu. Likiwa fupi, mkanda unabana tumbo.

Usilinunue likiwa tupu. Weka chupa tatu za maji za lita 1.5 na sweta, funga kwanza mkanda wa kiunoni juu ya nyonga, ndipo ukaze wa mabega, halafu panda na kushuka ngazi kwa dakika 10. Mikanda isiache uwazi juu ya bega wala kukata kwapa. Kagua zipu na klipu begi likiwa bado limejaa. Zipu inayoteleza vizuri kwenye begi tupu inaweza kufunguka ikivutwa na mzigo.

Kuanzia Novemba hadi Mei, na upande wa Tukuyu karibu mwaka mzima, mvua hupenya hata begi lenye kifuniko, kwa kupitia upande wa mgongoni. Tandaza ndani kipande cha nailoni nene kinachouzwa kwa mita, kunja mdomo wake mara mbili juu ya nguo, na koti la mvua liwe juu kabisa.